Kwa Madamu Hakuna Kinachouma

Madamu hana mguu wa kushoto. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu ukienda kwake hapa Makote, Newala, ukamkuta amekaa barazani, kanga imefunika magoti, atakuzungusha kwa maneno matamu mpaka uondoke hujajua kama mguu haupo. Ulikatwa chini ya goti. Watu wanasema ni sukari. Mimi jirani yake, niliyekuwa mwanafunzi wake kabla sijawa jirani, nasema kwa kinywa kipana kwamba sukari ilisaidia tu. Mguu ule uliondoka kwa maneno ya Kiingereza.

Nina hasira, sifichi. Nikianza kulisema jambo hili watu huniambia, "Mama Shani, mwache mzee wa watu apumzike." Nimwache vipi? Mguu wa kulia nao ulishataka kufuata njia ileile, na maneno yaliyoanza kuusindikiza yalikuwa yaleyale. Mtu ana miguu miwili tu jamani, si jongoo.

Alikozaliwa sitasimulia, wala nani alimbatiza babu yake huko Chidya. Hayo waulizeni watu wa kanisani kwake, wanayo mengi mpaka yanawachosha wenyewe. Mimi ni Mwislamu, ukoo wake haunihusu. Ninayemjua mimi ni Madamu wa darasani na Madamu wa uani, na hao wawili wananitosha.

Jina lake hakuna anayeliita. Padri anamwita Madamu, muuza dagaa anamwita Madamu, watoto wa chekechea ambao hata hawajui Kiingereza ni nini wanamwita Madamu. Alifundisha sekondari mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakamletea watoto wao, na wale watoto wakamwogopa kama wazazi wao walivyomwogopa. Ni mrefu, mkavu, anatembea katikati ya barabara hata akisikia bodaboda nyuma yake. Dereva ndiye atakayejua pa kupita. Kalamu nyekundu anaichomeka kwenye nywele, na hilo hakuliacha alipostaafu. Ukimletea kadi ya harusi, kabla hajasoma nani anaoa ameshaitoa kalamu.

Siku moja tulikwenda Masasi mjini kununua mabati, tukaingia mgahawa mmoja karibu na stendi ya mabasi. Ukutani walikuwa wameandika vyakula vyao kwa Kiingereza. Madamu alisoma mstari wa kwanza, akaguna. Akasoma wa pili, akasimama. Kufumba na kufumbua yuko juu ya kiti, mama mtu mzima, na kalamu yake anarekebisha ukuta wa watu. Mwenye mgahawa alikuja mbio akitaka kufoka, alipomwona akaishiwa nguvu. "Shikamoo Madamu," akasema. Naye alikuwa mwanafunzi wake. Tulikula bure siku hiyo, lakini Madamu aliondoka amekasirika, akisema kwamba kosa lile ni janga la taifa.

Sikilizeni hapo. Herufi moja ukutani ni janga la taifa. Kikombe cha chai kuletwa bila kisahani ni aibu isiyosemeka. Mtoto akisema "childrens" mbele yake, Madamu anashika kifua kana kwamba amepigwa ngumi. Mambo madogo aliyapa ukubwa wote uliopo duniani, na yalipofika makubwa yenyewe hakuwa na akiba ya kuyapa. Yakija makubwa, Madamu anatabasamu, anainua vidole vya mkono wa kulia kama anayefukuza inzi, anasema, "No big deal." Yaani si jambo kubwa.

Alitufundisha na sisi. Lilikuwepo somo zima, nasema kweli, na alilipenda kuliko masomo yote. Aliliita maneno ya kiungwana. Alikuwa anapita katikati ya madawati, ghafla anakunyooshea chaki. "Nyumba yenu imeungua. Unasemaje?" Unasimama haraka, "Not to worry, Madam!" Usijali. "Umeanguka kwenye mkorosho, mkono umevunjika. Unasemaje?" "Just a scratch, Madam!" Mchubuko tu. "Umefukuzwa kazi?" "A minor setback, Madam!" Nimerudi nyuma kidogo tu. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi, kwa sababu nyumba zetu hazikuwa zimeungua. Kulikuwa na msichana mmoja kutoka bondeni, yeye alipoulizwa habari ya nyumba kuungua akajibu kwa Kiswahili, "Madamu, nitalia." Alisimamishwa mpaka kengele.

"Mtu mstaarabu," Madamu alituambia, "hamwagi matumbo yake mezani kwa watu."

Nilikaa na kauli hiyo miaka mingi. Sasa nimekua, nimezaa, nimezika, na ninauliza: ni nani aliyemwambia kwamba Waingereza hawalii? Na wao wana wagonjwa, na wao wana makaburi. Yeye alikwenda kuokota yale maneno ambayo mtu huyasema akijigonga kidole mlangoni, akayaleta huku kwetu, akataka tuyatumie kwenye misiba.

Na maneno yale yalizaa, hilo ndilo linalonichoma. Kuna mwaka upepo uliezua paa la bweni la wasichana pale shuleni kwake, na mkaguzi akaja. Madamu ndiye aliyempokea. Akamzungusha, akamwonyesha bustani, akamwambia lile paa ni a slight inconvenience, usumbufu mdogo tu. Mkaguzi akafurahi, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Wasichana walilala chini ya mawingu mpaka masika yakawakuta humo. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumwambia yule mtu kwamba watoto wananyeshewa. Akasema hakutaka shule ionekane inalialia. Watoto je? Walikuwa wanakohoa usiku kucha!

Halafu mkutano wa maji. Huku juu kwetu maji ni ugomvi wa kila siku, anayejua Newala anajua. Pampu ikiharibika tunashuka bondeni na ndoo, tukirudi juu shingo zimeingia mabegani. Ilikuwa imeharibika muda mrefu, tukaitwa mkutanoni. Akasimama kiongozi mmoja, kijana mzuri, shati limenyooka. "Ndugu wananchi," akasema, "tusikuze mambo. Hii ni minor issue tu."

Nikanyoosha mkono, nikajifanya sijui. "Minor ni nini kwa Kiswahili?"

"Ni ndogo, mama. Suala dogo."

"Dogo kwa nani? Wewe asubuhi umeoga?"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Yule kijana akageuza macho kwenye safu ya mbele, akimtafuta Madamu amsaidie, maana ndiye aliyemfundisha. Madamu alikuwa anatazama mawingu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwambia, "Umemsikia mtoto wako?" Akasema, "Matamshi yake yalikuwa safi." Kha! Nilimwacha njiani nikatangulia.

Lakini Madamu si mjinga, na katika kubishana alinishinda mara nyingi. Jioni moja nilipita kwake natoka shambani, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema, "Nzuri tu Madamu, ila mbuzi amekufa, na baba Shani homa haijamwacha." Alicheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Umejisikia?" akasema. "Mbuzi amekufa, mume yuko kitandani, na bado ni nzuri tu. Halafu mimi ndiye ninayeambiwa nayafanya mambo kuwa madogo."

Alinipata. Nilikwenda nalo nyumbani, nikala nalo ugali, nikalala nalo. Kesho yake asubuhi nikarudi kabla hajanywa chai.

"Madamu, jibu lako ninalo. Sisi tunasema nzuri ili kumkaribisha mtu, halafu tunasema ila. Ukishasema ila, unamwaga kila kitu, na yule aliyeuliza hana pa kukimbilia, atakaa kitako asikilize. Hicho Kiingereza chako hakina ila. Ukishasema no big deal, mtu anakushukuru anaondoka."

Akakoroga chai ambayo hata sukari haikuwa nayo.

"Ndio uzuri wake, Mama Shani," akasema. "Mtu anaondoka."

Nilikuja kuelewa alichosema pale mumewe alipofariki. Alikuwa mwalimu pia, mtu mpole, wa hesabu. Uani kwa Madamu watu walijaa kama kawaida yetu, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai, sufuria za msiba zinachemka. Padri alimfuata akampa pole, na Madamu akamjibu, "These things happen, Father." Mambo haya hutokea. Kwa mumewe! Maiti iko ndani! Wanawake waliokuwa karibu waliokijua Kiingereza wakawatafsiria wasiokijua, na mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unasema Madamu anaringa, hata machozi hana.

Baada ya arobaini nilimkuta na pasi ya mkaa, ananyoosha mashati ya marehemu. Ameyafua, ameyatia wanga, ananyoosha moja baada ya jingine, kola, mikono, vifungo. Mashati hayana mwenyewe. Nikaketi. Akasema bila kuinua kichwa, "Watu walijaa humu mpaka sikupata pa kulilia. Kila nikikaa kuna mtu amenishika bega. Kila nikifumba macho kuna mtu ananiletea uji. Sitaki tena kuona uani kwangu kumejaa watu. Siku nyingine nitawazuia mlangoni."

Nilimwonea huruma siku hiyo, na nitasema ukweli, mpaka leo nikikumbuka ile pasi na zile kola, hasira yangu inapungua. Inapungua, haiishi. Maana mtu akitaka kulia peke yake ana haki, lakini kidonda hakijui haki ya mtu.

Na msije mkadhani hana moyo. Shani wangu akiwa mdogo alishikwa na degedege, macho yamegeuka, mdomo povu. Mimi nilipiga magoti tu sakafuni, akili imeruka. Madamu alisikia kupitia ukuta. Aliingia, akamnyakua mtoto, akatoka mbio kwa miguu mitupu mpaka zahanati, mama yule na urefu wake, kanga imeanguka njiani, anapiga kelele kwa Kimakonde na Kiswahili watu wampishe. "Nnungu wangu! Mtoto! Mtoto!" Siku hiyo sikusikia Kiingereza hata kidogo. Mtoto wa mwenzake kwake hakuwa jambo dogo. Shani leo ni mtu mzima na anampigia simu kila Jumapili. Sasa kwa nini huyo Madamu wa miguu mitupu hakumkimbilia Madamu mwenyewe? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Sukari alikuwa nayo muda mrefu. Yeye aliiita a touch of sugar, kasukari kidogo. Msimu mmoja wa korosho tulikuwa tunaokota, kila mtu kwenye mikorosho yake, yeye na kandambili zake. Akakanyaga kisiki cha mti mchanga kilichokatwa kwa panga, kikamtoboa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakusikia. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kufa ganzi, na hakumwambia mtu. Alikuja kuona damu kwenye kandambili jioni alipozivua.

"Just a scratch," akaniambia.

"Mchubuko gani huu unaingia kidole? Twende zahanati."

"Mama Shani, usiwe na papara."

Nikamwita sista wa zahanati aje mwenyewe. Huyo naye ni mwanafunzi wake, binti mwerevu, kazi yake anaijua. Alikuja na dawa na bandeji. Akakifungua kidole, akakitazama. Mimi niliona uso wake, nikajua amejua. Madamu akamuuliza kwa Kiingereza, sijui nini na nini. Sista akajibu kwa Kiingereza. Madamu akamrekebisha sentensi. Sista akaanza upya. Akarekebishwa tena. Mwisho nikamwona anafunga bandeji, anasema, "Yes, Madam, thank you, Madam," anaondoka kinyumenyume.

Nilimkimbilia njiani. Alikuwa analia.

"Kidole kimekufa, Mama Shani. Nilitaka kumwambia aende hospitali leo leo. Lakini nilivyoanza akanikosoa, nikaanza upya akanikosoa, nikasahau nilichotaka kusema."

"Si ungemwambia kwa Kiswahili!"

"Aliniuliza kwa Kiingereza," akasema. "Ningemjibuje kwa Kiswahili Madamu?"

Mnaona? Hilo ni kosa letu la huku, halipo kwingine. Watu wazima, wana vyeo, wana watoto, wanajua kidonda kinamuua mtu, na wanaogopa kukosea mbele ya mwalimu aliyestaafu. Padri alikuja na komunyo, akaambiwa "nothing serious", si kitu cha kutisha. Akajibu vizuri kwa Kiingereza chake cha seminari, akapewa kongole, akaenda. Binti yake aliyeko Mtwara akipiga simu anaambiwa "never better", sijawahi kuwa mzima hivi. Kila mmoja alipewa neno lake la kuondokea. Mimi niligombana naye mpaka akanifungia mlango, nikawa naongea na mbao.

Alipobebwa kwenda hospitali ilikuwa ni kwa sababu alianguka chooni akashindwa kuinuka. Mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Nilikuwepo daktari alipomwambia utakatwa. Kijana wa watu alikuwa anatafuta maneno, anameza mate. Madamu akamsaidia. "Not to worry, doctor," akamwambia, na ule mkono wake wa kufukuza inzi. Daktari alishusha pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyepona. Nilitoka nje ya wodi nikashika ukuta. Nilitaka kumpiga mtu, sikujua nani.

Akarudi na magongo. Binti yake akataka kumchukua, akakataa katakata. Daktari alikuwa amemwagiza autazame mguu uliobaki kila siku, nyayo na katikati ya vidole, na akiona hata kipele aje. Akaahidi. Mwanzoni aliniruhusu nimtazamie mimi. Jumamosi alikuwa ananyoosha mguu, nautazama, naupaka mafuta, ananisimulia makosa ya watangazaji wa redioni. Ilikuwa raha, kwa kweli. Nilidhani tumeshapita.

Halafu akaanza kuvaa soksi. Joto la msimu wa korosho, mbwa wanahema kivulini, Madamu ana soksi ya sufu. "Kuna kaubaridi," anasema. Jumamosi ya kwanza akasema ameshajitazama mwenyewe. Jumamosi iliyofuata akasema yuko na kazi ya kusahihisha kadi za harusi ya mtu. Ya tatu nilikwenda asubuhi mapema bila kubisha hodi ya pili, na nilipokaribia baraza nikaipata harufu. Aliyewahi kuuguza kidonda hasahau harufu ile.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba, Mama Shani. Lovely morning."

"Vua soksi."

"Nothing serious."

"Vua soksi, Madamu, nakuomba."

"I said it is nothing serious." Akaliweka gongo lake mbele ya mguu, kama kizuizi cha barabarani.

Sasa ningefanyaje? Mtu mzima huwezi kumvua soksi kwa nguvu. Yule ndiye aliyenifundisha darasani, ndiye aliyembeba mwanangu. Na kumwita sista peke yake, au padri peke yake, nilishajua mwisho wake. Kila aendaye peke yake kwa Madamu anapewa neno lake anaondoka.

Nikashuka barazani. Nikasimama katikati ya uani, nikafunga kanga kiunoni, nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe.

Yowe kwetu halipigwi ovyo. Ni la moto, la mwizi, au la mtu aliyekata roho. Ukilisikia unaacha ulichoshika. Anayelipiga bure anaitwa mbele ya wazee, anatozwa mbuzi, na jina linamharibikia mpaka kufa. Nililijua hilo vizuri nilipofungua mdomo, na nililipiga hasa. Uwiiii! Jamani, uwiiii! Njooni kwa Madamu!

Walitoka mikoroshoni na vikapu vyao. Walitoka jikoni na miko. Balozi wa mtaa alikuja na panga, mwendesha bodaboda akaitupa pikipiki yake chini inanguruma. Wanawake walianza kulia tangu njiani kwa sababu walidhani ni msiba. Sista alikuja mbio na glovu mikononi. Uani kulijaa. Halafu wakamwona Madamu amekaa barazani, mzima, miwani usoni, na vilio vikakatika.

"Mama Shani," balozi akasema, anahema, "amekufa nani?"

"Muulizeni mwenyewe," nikasema.

Macho yote yakaenda barazani. Nilijua akisema lile neno lake, wote hawa watageuka, wataokota vikapu vyao, watanicheka mwaka mzima, na mbuzi nitalipa. Mbuzi si kitu. Lakini mguu ungekwenda, na safari hii labda naye mwenyewe.

"Madamu," akasema balozi kwa upole, "shikamoo. Kuna nini?"

Madamu aliangalia uani kwake. Kulikuwa kumejaa mpaka kwenye shimo la taka. Mkono wake wa kulia ukainuka kidogo, vile vidole. Mdomo ukafunguka. "It's no..." akasema, akakwama. Akamtazama sista, akanitazama mimi. Mkono ukarudi mapajani.

"Mguu unaoza," akasema kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa ndogo, wa nyuma wakaulizana amesema nini. Akarudia kwa nguvu. "Mguu wangu unaoza. Najua unaoza. Naisikia harufu yake nikilala. Nilidhani nikinyamaza utapona. Sitaki kukatwa tena. Naogopa, jamani. Naogopa sana."

Hakuna aliyesema pole. Sista alipanda barazani bila kuuliza kitu kwa lugha yoyote, akapiga magoti, akalisogeza gongo, akaivua ile soksi. Alipotazama akageuka kwa balozi akasema, "Sasa hivi. Tafuta bajaji sasa hivi." Balozi akatupa panga chini. Aliponipita akaniambia yowe lilikuwa halali, ili wote wasikie.

Mguu upo. Daktari alichukua vidole, mguu akauacha, na akasema tungechelewa kidogo tu angekuwa anasema maneno mengine. Mimi hasira bado ninayo, nimeshawaambia. Nina hasira na lile somo la chaki, na mkaguzi aliyeshukuru kwa chai, na kila mwenye cheo anayesimama mbele ya watu wenye ndoo kichwani akawaambia ni minor. Nawaombea wote yowe uani kwao.

Lakini kwenye bajaji siku ile sikuwa na hasira. Nilikuwa nimekaa nyuma nimempakata, mguu juu ya magoti yangu umefungwa kanga, barabara inaturusha. Alikuwa analia waziwazi, na kamasi, kwa Kimakonde, anamwita mama yake. Halafu akaanza kunionyesha kwa kidole. Hapa sisikii kitu, Mama Shani, hata ukichoma sindano. Hapa panawaka moto usiku. Na huku ambako mguu haupo, huku ndiko kunakouma zaidi, sikumwambia mtu. Na hapa mgongoni, toka nilipoanguka. Na hapa, akaweka mkono kifuani, tangu mwalimu mume wangu afe. Nikawa naitikia tu, ndiyo, ehe, na wapi tena. Tulipofika hospitali alikuwa hajamaliza.